Alama ya "na" iliyomchelewesha mjomba



Ile habari ya mjomba na meseji ya msiba wengine mnaijua nusu nusu kutoka kwa ndugu zangu, ambao kila tukikutana kwenye sherehe lazima waisimulie huku wakinicheka. Leo naisimulia mwenyewe. Nitaichanganya na historia kidogo, maana nimekuja kugundua kwamba kosa langu lilianza kupikwa kabla sijazaliwa, huko Geneva, Uswisi.

Ilikuwa 2013, mwenzenu nikiwa mwaka wa kwanza chuoni Dar. Bibi mzaa mama akafariki Gairo. Kwa wasioijua Gairo: ukitoka Morogoro kwenda Dodoma, ni pale penye upepo na baridi ambapo basi likisimama tu madirisha yanajaa viazi vitamu. Ilikuwa chini ya Kilosa hadi 2012 ilipomegwa ikawa wilaya. Sisi Wakaguru ukoo tunauhesabu kwa upande wa mama, kwa hiyo kwenye msiba mjomba si mgeni mwalikwa. Ni mwenye shughuli. Na huyu ninayemsema alikuwa mtoto wa kiume wa marehemu.

Kazi ya kuwatangazia ndugu walio mbali ikaniangukia mimi, kwa sababu mimi ndiye "mtu wa kompyuta". Nilikuwa na rafiki ambaye ofisini kwao walikuwa na mashine ya kutuma meseji kwa wingi: kompyuta, modemu yenye laini ya simu, na programu iitwayo Kannel. Programu hii ilianzishwa Finland mwaka 1999 na kampuni ya Wapit, ikatolewa bure kwa yeyote, ikasambaa mpaka kwetu huku. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kujifunza lolote. Unafungua kivinjari cha intaneti, unaandika anwani kama ya tovuti ya kawaida, na mkiani mwa anwani unaweka maelezo yako:

http://seva:13013/cgi-bin/sendsms?username=...&password=...&to=2557...&text=...

Yaani jina lako, neno la siri, namba ya anayetumiwa, na maneno yenyewe. Ukibonyeza, meseji inaondoka. Rafiki yangu alinipa onyo moja tu: namba zianze na 255, nisiweke alama ya kujumlisha mbele. Sikuuliza kwa nini. Nikaandika hivi:

Bibi amefariki leo. Wote tukutane Gairo kwa Mama Mkubwa & mazishi Chakwale kesho saa 7 mchana.

Nikaituma kwa ndugu mmoja baada ya mwingine. Kila mara mashine ilinijibu kuwa imepokea na itapeleka. Nikajiona kijana wa maana kweli kweli.

Walichopokea ndugu zangu ni hiki: "Bibi amefariki leo. Wote tukutane Gairo kwa Mama Mkubwa". Basi. Isomeni tena muone ubaya wake. Ni meseji iliyokamilika, hakuna anayeweza kuhisi kuna kitu kimekatwa. Waliokuwa Gairo na Morogoro mjini walikuwa wameshapigiwa simu, wakajua. Mjomba alikuwa Mbeya. Alisafiri usiku, akabadilisha gari, akafika Gairo siku ya pili saa 9 alasiri, akakuta nyumba ya Mama Mkubwa imefungwa na jirani anafagia uwanja. Chakwale iko ndani, mbali na lami, na simu za waliokuwa makaburini hazikupatikana. Alipofika huko tulikuwa tumeshafukia. Mtoto wa kiume hakutupa udongo kwenye kaburi la mama yake.

Sasa tuingie kwenye historia.

Intaneti ya kurasa, hii tunayoiita wavuti, ilibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia pale Geneva. Pendekezo lake aliliandika 1989. Miongoni mwa vitu vya kwanza vilivyowafanya wafanyakazi wa CERN waipende kilikuwa daftari la simu la kituo. Lakini daftari la simu halisomwi kama gazeti, unatafuta jina. Kwa hiyo ilibidi pawe na namna ya anwani kubeba swali. Suluhisho lilikuwa rahisi hadi linachekesha: mwisho wa anwani weka alama ya kuuliza, kisha unachokitafuta. Yaliyo kushoto kwa alama yanasema unakwenda wapi, yaliyo kulia yanasema unataka nini. Na kwa kuwa anwani hairuhusu nafasi tupu, mtu akitafuta maneno mawili yaliunganishwa kwa alama ya kujumlisha.

Hapo ndipo lilipotoka onyo la rafiki yangu. Alama ya kujumlisha mkiani mwa anwani inasomwa kama nafasi tupu mpaka leo. Ukiandika +255 ulivyozoea, upande wa pili inaweza kufika kama nafasi tupu ikifuatiwa na 255. Sisi wa +255, majirani wa +254 na +256, tumerithi tabu hiyo kutoka kwa watu waliokuwa wanatafutana kwenye daftari la simu.

Baadaye maswali yakawa marefu. Mwaka 1993 kivinjari cha Mosaic, cha vijana wa NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilianza kuonyesha fomu za kujaza: jina hapa, anwani pale, bonyeza. Hapo ilibidi visanduku vingi vipangwe kwenye mstari mmoja bila kuchanganyikana. Wakakubaliana kwamba jina la kisanduku na kilichojazwa viunganishwe kwa alama ya sawasawa, na kisanduku kimoja kitenganishwe na kinachofuata kwa alama ya &. Utaratibu huo ukaandikwa rasmi kwenye waraka wa HTML 2.0, Novemba 1995.

Kwa nini &? Alama hiyo ni ya zamani mno, ni neno la Kilatini "et", yaani "na", lililoandikwa kwa haraka mpaka herufi mbili zikawa moja. Jina na umri na mji. Inaeleweka. Shida ni kwamba watu hatukuacha kuitumia kama "na" kwenye maandishi yetu, hasa sisi wa meseji tunaobania herufi. Wakubwa wa wavuti wenyewe waliona imewaletea usumbufu: waraka wa HTML 4 wa 1997 ulipendekeza seva zikubali pia nukta mkato badala ya &. Wachache waliusikiliza. Kumbukeni hiyo nukta mkato, tutakutana nayo tena.

Dawa ilikuwepo tangu mwanzo, na waraka wa Desemba 1994 kuhusu anwani za wavuti unaieleza wazi. Herufi yoyote yenye kazi maalum, ukitaka isomwe kama herufi tu, ibadilishe iwe alama ya asilimia ikifuatiwa na tarakimu zake mbili. Nafasi tupu ni %20. Alama ya kujumlisha ni %2B. Na & ni %26. Ningeandika %26 mjomba angezika. Kivinjari kilinisaidia kugeuza nafasi tupu zangu, lakini & kiliiacha kama ilivyo, kwa sababu hakikuwa na namna ya kujua kama namaanisha "na" ya Kiswahili au mpaka wa kisanduku. Kannel ikaona kisanduku cha text kimeishia kwa "Mkubwa", halafu kikaja kisanduku kingine kinachoitwa "mazishi Chakwale kesho saa 7 mchana". Haikijui. Ikakiacha kimya kimya. Hivyo ndivyo Bibi alivyozikwa ndani ya kisanduku kisichojulikana, siku moja kabla ya kuzikwa kweli.

Hebu nitoke nje ya mada kidogo. Tarakimu hizo zinatokana na ASCII, orodha ya alama 128 iliyotolewa Marekani 1963, ikiwa na herufi za Kiingereza tu. Kiswahili chetu kinapita humo bila kujeruhiwa, isipokuwa kile kikoma cha ng'ombe, ambacho programu nyingine hukigeuza %27 na nyingine hukiacha. Tunadhani ni kawaida, lakini ni ajali ya historia. Barua za Kiswahili za zamani kabisa zinazojulikana, zile za Kilwa za 1711, ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kilatini zilikuja kushika na wamisionari wa karne ya 19, kisha shule na ofisi za wakoloni, na Kamati ya Lugha ya 1930 ikazikaza kwenye Kiswahili sanifu. Hata Kikaguru chetu kiliandikiwa sarufi kwa herufi hizo na Last, mmisionari aliyekaa Mamboya, ikachapwa 1886. Tungebaki na herufi za Kiarabu, neno "bibi" lenye herufi nne lingekuwa hivi mkiani mwa anwani: %D8%A8%D9%8A%D8%A8%D9%8A. Herufi 24! Hapo hata mimi ningejua kwamba kuna ugeuzaji unaofanyika. Ulaini wa herufi zetu ndio ulionidanganya.

Haya, turudi Afrika Mashariki. Wakati Wazungu wanajaza fomu kwenye kompyuta, sisi fomu yetu ilikuwa simu ya mkononi. Kannel ilifanya kazi pia kinyumenyume: meseji inapoingia, yenyewe inaipeleka kwenye anwani uliyoiandaa, inaweka namba ya mtumaji penye %p na maneno yake penye %b. Mtu anabonyeza simu ya tochi kijijini, mjini inatokea anwani yenye mkia. Kenya baada ya vurugu za uchaguzi, Januari 2008, ilizaliwa Ushahidi, ramani ya matukio yaliyoripotiwa na wananchi. Miaka iliyofuata Ushahidi iliunganishwa na FrontlineSMS ya Ken Banks kwa njia hiyo hiyo: anwani moja, mkiani s ikibeba namba ya mtumaji na m ikibeba meseji. Herufi mbili tu. Sijui ni ripoti ngapi duniani zilikatwa katikati na mtu aliyesahau kugeuza "na" yake, na tatizo la kosa hili ni kwamba haliachi alama.

Kitu kingine: neno la siri kukaa mkiani mwa anwani ni hatari. Seva nyingi huandika kila anwani iliyoombwa kwenye daftari lake la kumbukumbu, kwa hiyo siri yako inabaki humo kwa maandishi ya wazi. La rafiki yangu nililiacha pia kwenye historia ya kivinjari cha kompyuta ya chuo. Samahani ndugu, najua unasoma hapa.

Nilirudi kwenye mambo haya nikiwa tayari mwandishi, nilipokuwa nafuatilia takwimu za afya za wilaya yetu. Mnajua madaftari ya MTUHA, yale makubwa ambayo nesi hukujaza ndani yake ukifika zahanati? Jumla zake za kila mwezi huingizwa kwenye mfumo uitwao DHIS2, uliolelewa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na ambao kufikia mwisho wa 2013 ulikuwa umesambazwa Tanzania nzima. Kijana mmoja mtunza takwimu alinionyesha unavyoulizwa. Ni anwani! Baada ya alama ya kuuliza unataja vitu vitatu: dx ni takwimu gani, pe ni kipindi gani, ou ni mahali gani. Ukitaka robo mbili za mwaka unaandika pe:2014Q1;2014Q2. Nukta mkato ile ile iliyokataliwa, iko kazini.

Kilichonigusa zaidi ni pale penye mahali. Hapaandikwi "Gairo". Kila mkoa, wilaya na zahanati ina utambulisho wa herufi na tarakimu 11, hakuna &, hakuna kikoma, hakuna nafasi tupu. Mtu aliyebuni hivyo bila shaka aliwahi kuumizwa na jina. Kijana akanionyesha na jambo jingine: zahanati zikihamishiwa wilaya mpya, takwimu zao za nyuma huhama nazo, kwa sababu mfumo hujumlisha kwa mpangilio wa sasa. Unaweza kuiuliza Gairo ya kabla ya Gairo kuwa wilaya na ikakujibu, kama takwimu za miaka hiyo ziliingizwa, na Kilosa ya zamani ukaikuta imepungua. Mwanahistoria asiyejua hilo ataandika uongo kwa nia njema.

Mjomba nilimweleza yote haya, alama kwa alama, tumekaa kwa Mama Mkubwa tunakula viazi. Alisikiliza kwa utulivu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, ungeandika 'na' kwa herufi zako mbili, ningefika?"

Nikasema ndiyo, mjomba.

Hakuongeza neno. Ila tangu siku ile, kila nikimtumia meseji, hata ya kumtakia sikukuu njema, hupita dakika moja simu yangu inaita, ni yeye: "Nimeiona. Imeishia hapo?"