Kamera ya mtumba imekataa kuingia kwa neti? Cheki hizi kabla urushie fundi doo

Umebeba kamera ya CCTV ya mtumba ulinde duka lako hapo Kapkatet, umeichomeka, na simu haioni kitu. Tulia, mse. Kabla uite fundi atoke Kericho mjini, jua kamera nyingi za mtumba ni nzima. Shida ni bado zinamkumbuka mwenyewe wa kwanza.

Stima. Kama ni ya PoE, inavuta stima kwa kebo ya neti, so rauta ya kawaida haitaiwasha. Tafuta swichi ya PoE ama adapta yake, mara nyingi ya volti 12. Cheki plagi pia. Huku kwa majani chai mvua haichezi: maji yakiingia, pini zinashika kutu. Na radi inaweza kuua mlango wa neti hata kama taa za kamera zinawaka.

Waifai. Nyingi za bei rahisi hushika 2.4 GHz pekee. Rauta yako ikirusha 5 GHz tu, kamera haitaiona. Washa ile 2.4.

Anwani ya IP. Hikvision hutoka kiwandani na 192.168.1.64, Dahua na 192.168.1.108. Kama rauta yako inapeana 192.168.100, hizo mbili haziongei. Chomeka kompyuta kwa rauta hiyo hiyo, ufungue SADP ya Hikvision ama ConfigTool ya Dahua, uitafute na uibadilishe.

Riseti. Hujui paswadi? Tafuta kitufe cha riseti, ukishikilie kama sekunde 15. Kwa Hikvision nyingi, unakishika huku ukiwasha stima.

Akaunti. Hapa ndio wengi huchomeka. Kamera ikiwa ndani ya Hik-Connect ama EZVIZ ya mtu, riseti haiitoi. Huyo mtu ndiye anafaa kuifuta. Kwa hivyo kabla utume pesa, mwambie muuzaji afungue simu yake aitoe ukiona. Akianza story mingi, jiulize hiyo kamera ilitoka kwa ukuta wa nani.

Ikishika, weka paswadi mpya kabla uipande ukutani. Mwaka wa 2016, virusi vya Mirai viliteka kamera na rauta kibao duniani kwa kujaribu tu paswadi za kiwandani. Kamera ni ya kukuangalilia duka, si ya kuonyesha wasee wengine unafunga saa ngapi.