Jalala lililozaa mboga

Aliyeletwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 hakuletwa kulima. Reli ilifika mwaka huo kutoka Sakania, tanuru la shaba likawashwa 1911, na unga wa mahindi ukasafirishwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya shaba, alipimiwa posho kila wiki. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilipotaka wafanyakazi wakae na familia zao kambini, kitoweo cha kila siku kikawaangukia wanawake.

Nao walikuta udongo mwekundu, wenye tindikali, ambao mvua za Novemba hadi Aprili huuosha rutuba. Waliotoka kwa Wabemba walikuwa na dawa yao: hukata matawi ya miombo, huyachoma, hupanda kwenye majivu, na nguvu ikiisha huhama. Kambini utahamia wapi? Mimi nashikilia kwamba shimo la mbolea la Lubumbashi ni mtoto wa lile shamba la majivu. Maagronome walikuja baadaye na vitabu vyao.

Shimo la mama yangu, katika lupangu (kiwanja) yetu ya mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, halikukosa majivu ya makala. Chini aliweka vijiti vya sombe (kisamvu), juu yake maganda ya ndizi na majani ya mwembe, kisha mavi ya kuku na udongo wa kichuguu. Mabua makavu ya mahindi hakuyaacha peke yake: mchwa wa huku huyala yote kabla hayajaoza. Aliyakatakata, akayalowesha, akayachanganya na mavi. Alichomeka fimbo katikati. Akiichomoa ikiwa ya moto, anatabasamu, ikiwa baridi, anageuza lundo. Masika shimo hujaa maji na kunuka, kwa hiyo alihamia juu ya ardhi, akarundika.

Tulimcheka kwa kutunza takataka. Baadaye Gécamines, mrithi wa Union Minière, ikayumba: uzalishaji wa shaba ulianguka vibaya miaka ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi kama 10,000 waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Bustani za mjini zikashika nafasi ya posho, na mavi ya kuku yakawa bidhaa.

Lakini moshi wa tanuru ulikuwa umeacha deni lake. Upepo wa kusini-mashariki uliupeleka mtaa wa Penga Penga, na shaba, risasi na kadimiamu vikatua mpaka majani yakakataa kuota. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kuotesha huko nyasi ya Microchloa kunthii kwa chokaa na mbolea ya asili: chokaa hupunguza tindikali, mabaki yaliyooza hushika shaba isinywewe ovyo na mizizi. Wenyeji nao huchimba shimo, hujaza udongo mzuri, ndipo hupanda mti. Mwembe wa hapo nitaukubali. Lengalenga, mchicha wetu, siipiki, kwa maana vumbi hukaa juu ya jani na kadimiamu hupanda ndani yake.