Ati Walikunywa Maji: Kwa Nini Watu Hukana Ukweli



Ndugu msomaji, mwezi huu wengi wetu hujihesabu. Mtu hujiuliza amekosa wapi, amemdhulumu nani, na deni la nani bado liko shingoni mwake. Hesabu hii ni ngumu kwa mtu mmoja, je, kwa nchi nzima? Nchi ikikataa kujihesabu, inakataa kwa njia gani? Na sisi raia tunakuwa wapi wakati huo?

Watu husema anayekana ukweli ni kwa sababu hajui. Si kweli. Mara nyingi anajua vizuri sana, na ndiyo maana anakana kwa nguvu. Tuangalie mambo ya hapa hapa kwetu Kenya: ya enzi ya mkoloni, halafu ya wakati wetu wenyewe tukiwa huru.

Neno lililosemwa Kaloleni

Kila mtoto wa Kaloleni anaujua ule ukumbi wetu wa jamii. Mtaa ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa mji, na ukumbi ukawa mahali pa siasa mpaka ukaitwa Bunge. Mwezi wa Aprili 1950 ulifanyika humo mkutano wa pamoja wa KAU na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki. Kiongozi wa wafanyakazi, Makhan Singh, akaleta azimio kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili.

Jambo lenyewe halikuwa siri. Kila aliyekuwa ndani ya ukumbi alijua nchi ni ya nani na inatawaliwa na nani. Kosa la Makhan Singh ni kulisema wazi. Mwezi uliofuata alikamatwa, na hakuachiliwa hadi Oktoba 1961, miaka zaidi ya 11. Serikali haikuwa na jibu la hoja yake, ikaona afadhali mwenye hoja awekwe mbali.

Macho ndani ya gunia

Miaka minne baadaye, tarehe 24 Aprili 1954, Nairobi iliamka imezingirwa na jeshi. Hii ndiyo operesheni iliyoitwa Anvil, chini ya Jenerali George Erskine. Askari walipita mtaa kwa mtaa hapa Eastlands wakiwatenga Wakikuyu, Waembu na Wameru. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa, wakapelekwa Langata, Manyani na Mackinnon Road.

Waliokamatwa walipitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia mwili mzima, lenye matundu mawili ya macho. Akitikisa kichwa, umekwisha. Watu walimwita gakunia. Yule ndani ya gunia alikuwa nani? Alikuwa jirani, mfanyakazi mwenzako, pengine mtu wa ukoo wako. Baada ya uhuru aliendelea kuishi na wale aliowaonyesha kidole, na hakuna aliyeuliza.

Kuna jingine ambalo halizungumzwi sana. Nafasi za kazi walizoziacha waliokamatwa zilichukuliwa na watu wa makabila mengine waliobaki mjini. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa wakitafuta riziki. Lakini mtu aliyepata kazi kwa sababu mwenzake amefungwa, ni vigumu apende kuuliza mwenzake alifungwa kwa haki au kwa dhulma. Ukweli ukija na gharama, wengi huacha kuuliza bei.

Hola, Machi 1959

Wale ambao serikali iliwaona wagumu kabisa walipelekwa kambi ya Hola, kule Tana River. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa zaidi ya 80 walitolewa kwenda kuchimba mtaro wa maji. Kulikuwa na mpango ulioandikwa na afisa wa magereza, John Cowan, kwamba wakikataa kazi walazimishwe. Askari wakawapiga kwa virungu. Watu 11 wakafa, na wengine wengi wakaumia vibaya.

Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema nini? Kwamba watu 10 (wa 11 alikuwa bado) wamefariki baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Ati maji! Tana ni nchi ya jua kali, mtu anakunywa maji kila siku.

Hakimu alipochunguza vifo hivyo alikuta miili imejaa majeraha ya kupigwa. Uongo ukaanguka, lakini hakuna aliyeshtakiwa. Mkuu wa kambi alistaafishwa bila kupoteza kiinua mgongo chake.

Hebu fikiria uongo ule ulihitaji watu wangapi. Yuko aliyeona miili akanyamaza, yuko aliyeandika taarifa, yuko aliyeipitisha na aliyeisoma kwa waandishi wa habari. Kukana ni kazi ya mikono mingi, na kila mkono unafanya kidogo ili usijione umefanya lolote. Tena haikuanzia siku ile. Mwaka 1957 Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana kwamba kama ni lazima watende dhambi, basi waitende kimya kimya. Hayo si maneno ya mtu asiyejua.

Julai 1959 mbunge wa chama tawala cha Uingereza, Enoch Powell, aliwaambia wenzake Bungeni kwamba haiwezekani kuwa na kipimo kimoja cha haki kwa Mwafrika na kingine kwa mtu wa kwao. Huyo huyo mwaka 1968 alitoa hotuba dhidi ya wahamiaji iliyochochea chuki nchini mwake. Kumbe mtu anaweza kuona ukweli mmoja vizuri na kuwa kipofu wa mwingine. Nyani haoni kundule.

Ngazi tatu za kukana

Msomi Stanley Cohen, aliyezaliwa Afrika Kusini, aliandika kitabu kuhusu tabia hii mwaka 2001. Anaonyesha kwamba kukana kuna ngazi. Ya kwanza: halikutokea. Likithibitika, inakuja ya pili: limetokea, lakini si vile mnavyosema. Hiyo nayo ikishindwa, inakuja ya tatu: limetokea kweli, lakini linatuhusu nini?

Uingereza ilishuka ngazi zote hizo. Wakati wa kuondoka mwaka 1963, majalada mengi yalichomwa na mengine yakasafirishwa. Wazee wa Mau Mau walipoishtaki mwaka 2009, serikali ile ilijibu kwamba madeni ya ukoloni yalirithiwa na serikali ya Kenya. Yaani aliyepigwa ajilipe mwenyewe! Mwaka 2011 ikajulikana kwamba majalada kama 1,500 ya Kenya yalikuwa yamefichwa mahali paitwapo Hanslope Park, pamoja na ya makoloni mengine 36. Mmoja wa walalamikaji, Wambugu wa Nyingi, alikuwa amenusurika Hola baada ya kulazwa pamoja na maiti akidhaniwa amekufa. Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Tangu Hola ilikuwa imepita miaka 54, na wengi walikuwa wameshazikwa.

Na sisi wenyewe?

Hapo Wakenya tulishangilia, na tulikuwa na haki. Kumshutumu mkoloni ni rahisi. Mtihani ni nyumbani.

Kwanza, Mau Mau hao hao walibaki wamepigwa marufuku kisheria mpaka mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Katika ofisi za serikali mpya walikaa pamoja waliopigwa na waliokuwa upande wa mpigaji. Tukaambiwa tusahau yaliyopita. Makhan Singh naye aliachiliwa, akawekwa pembeni, akafariki mwaka 1973 bila kuheshimiwa inavyostahili.

Pili, Wagalla. Tarehe 10 Februari 1984 askari wa Kenya huru waliwakusanya wanaume wa Kidegodia kutoka Wajir na vitongoji vyake, wakawapeleka uwanja wa ndege wa Wagalla. Walivuliwa nguo, wakawekwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji. Waliojaribu kukimbia walipigwa risasi. Hawa walikuwa ndugu zetu, Waislamu na Wakenya.

Serikali ilisema waliokufa ni 57. Ukiangalia, ni ile ile ya Hola: kwanza punguza, halafu eleza kwamba ilikuwa operesheni ya usalama, halafu nyamaza mpaka watu wachoke. Mwaka 2000 ndipo serikali ilipokiri kwa mara ya kwanza kwamba maafisa wake walikosea. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano (TJRC), katika ripoti yake ya Mei 2013, ikasema waliouawa walikaribia 1,000. Wazee wa Wajir wanataja idadi kubwa zaidi. Hata mwenyekiti wa tume, Balozi Bethuel Kiplagat, jina lake lilitajwa kuhusiana na mikutano ya kabla ya mauaji. Alikanusha, lakini kazi ya tume ikayumba kwa muda mrefu.

Ni nani aliyezuia 57 isibaki ndiyo historia? Ni watu wachache tu. Mbunge wa Wajir West, marehemu Ahmed Khalif, alisimama Bungeni mwaka huo huo kudai ukweli. Annalena Tonelli, mama Mtaliano aliyekuwa akitibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, alisaidia kuokoa majeruhi na kukusanya maiti, na habari zikafika nje. Hakuwa Muislamu wala Mkenya. Alifukuzwa nchini, na mwaka 2003 akauawa kule Borama, Somaliland. Na wako wajane wa Wajir ambao kwa miaka yote hiyo hawakuacha kutaja majina ya waume zao.

Mwezi wa Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa dhulma zilizotendwa na serikali zilizopita. Ni hatua. Lakini radhi bila hesabu kamili ni kama kufunga kidonda kabla ya kukisafisha. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Tufanye nini vijana?

Sisi huwa tunangoja serikali iseme ukweli, na wakati huo huo hapa mtaani tuna yetu. Wizi wa kura ukifanywa na mtu wetu tunautafutia sababu. Kijana wetu akimdhulumu mtu wa kabila jingine tunasema ati "alichokozwa". Vurugu za 2007 na 2008, kila mtu anakumbuka nani alimpiga nani, ila wa kwao hawakufanya kitu! Ngazi ni zile zile tatu, tofauti ni ukubwa tu. Na dini yetu haikutuachia mlango hapo: tumeamrishwa kusimamia haki na kutoa ushahidi hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa zetu.

Kwa hiyo vijana, ombi langu ni dogo. Waliokuwa watoto Eastlands mwaka 1954 leo ni wazee sana, na kila mwaka wanapungua. Mnapokaa baada ya futari, muulizeni babu au nyanya aliona nini. Msimuulize tu walifanya nini wengine, muulizeni pia sisi tulifanya nini. Andikeni majina, tarehe na mahali. Hanslope Park ilishindwa kwa sababu karatasi zilikuwepo, na ile 57 ilishindwa kwa sababu kuna waliohesabu.

Tusingoje mpaka watoto wetu waje kuambiwa walikunywa maji.

Wabillahi tawfiq.