Umeme wa maji, chura wa Kihansi na ng'ombe wa Usangu

Najua nimepotea, ni testi zimefuatana kama mabehewa. Leo naomba tuweke pembeni stori za msosi na bumu, tuongee historia kidogo.

Juzi usiku chumbani kwetu kulizuka ubishi. Jamaa mmoja alikuja na habari za bodaboda na magari ya umeme, akasema tukishahamia umeme wa maji, jua na upepo basi mchezo umekwisha: hakuna moshi, hakuna gharama, hakuna anayeumia. Mimi kwa kuwa nasomea ualimu wa historia na jiografia nikamuunga mkono kwa mbwembwe. Nikamwaga desa lote: Hale 1964, Kidatu 1975, Mtera 1988. Mwenzetu mmoja, mtoto wa wafugaji, muda wote alikuwa kajilaza tu. Akasema taratibu, "Hiyo Mtera unayoisifia ndiyo ilituhamisha kwetu."

Chumba kizima kimya. Kesho yake nikaenda maktaba.

Tuanze na Kihansi, maana wengi tunaijua kwa utani wa "vyura waliopanda ndege". Mto Kihansi unateremka kutoka milima ya Udzungwa kwenda bonde la Kilombero. Mteremko ni mkali, zaidi ya mita 800, yaani kwa mhandisi wa umeme ni zawadi kutoka kwa Mungu. Bwawa dogo tu linatosha. Benki ya Dunia na wafadhili wengine wakatoa fedha, na mitambo ya megawati 180 ikaanza kazi kati ya 1999 na 2000.

Sasa mwaka 1996, ujenzi ukiwa tayari unaendelea, watafiti wakakuta chura mdogo wa rangi ya dhahabu chini ya maporomoko. Mmoja wa waliomwandika kisayansi ni Profesa Kim Howell wa hapa Mlimani. Chura mwenyewe hafiki hata sentimita 3, na hatagi mayai, anazaa watoto hai. Aliishi kwenye eneo la hekta chache tu duniani, pale ambapo maporomoko yalirusha manyunyu mchana na usiku. Mitambo ilipowashwa, karibu asilimia 90 ya maji yakaingizwa kwenye handaki. Manyunyu yakakatika.

Kilichofuata kinachekesha na kinasikitisha. Mwishoni mwa 2000 vyura karibu 500 walipelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx. Huku nyumbani yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji ili kuiga manyunyu ya asili. Ikaonekana kama inafanya kazi, kwani Juni 2003 walikadiriwa kufika 20,000 hivi. Januari 2004 walioonekana ni wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi ya vyura ulikuwa umeingia, na wataalamu mpaka leo wanajadili ni kipi kilichangia zaidi. Hata wale wa Marekani walipungua hadi chini ya 100 kabla ya kuanza kuongezeka tena. Mwaka 2009 chura huyu akatangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudishwa, wakatunzwa hapa chuoni, na kuanzia 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi.

Piga hesabu hiyo: mabomba, safari, maabara, watafiti, zaidi ya miaka 20 ya kazi. Hakuna hata shilingi moja ya hayo uliyoiona ukinunua umeme wa LUKU.

Lakini chura ana wa kumtetea mpaka New York. Ng'ombe wa Usangu je?

Mtera ilijengwa kwanza kama ghala la maji ya Kidatu, bwawa likakamilika 1980, mitambo yake ya megawati 80 ikafuata 1988. Maji yanatoka Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu inalishwa na mabonde ya Usangu huko Mbarali. Kuanzia 1993 mto ukaanza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha. Ikaja mgao wa umeme, ukame wa 2006 ukawa mbaya sana, taifa likatafuta mchawi. Kidole kikaelekezwa kwa wafugaji. Mwaka 2006 na 2007 wakaondolewa Usangu na mifugo yao, wengi wakaswagwa kuelekea Lindi na Pwani. Mwaka 2008 eneo lile likaunganishwa na hifadhi ya Ruaha.

Na hapa ndipo nilipokunja uso maktaba. Kuna watafiti walioonyesha kwamba maji ya Mtera hayakuisha kwa sababu ya ng'ombe peke yake. Kulikuwa na mashamba ya mpunga yanayomwagiliwa, na kulikuwa na namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa. Ila mpunga na bwawa havihamishwi. Anayehamishwa ni mwenye fimbo.

Nilimuuliza mwenzangu wanaendeleaje huko Lindi. Akasema njiani walipoteza ng'ombe wengi, na nyumbani kwao nguzo za umeme bado hazijafika. Wanachaji simu kwa sola.

Msinielewe vibaya. Simwambii mtu arudi kwenye koroboi. Jenereta za dizeli nazo zina gharama zake, tena tumezilipa sana wakati wa mgao. Ninachosema ni kwamba neno "safi" linajibu swali moja tu, la moshi. Halijibu nani kalipia. Hata betri za magari mengi ya umeme zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, sehemu kama Kolwezi, ambako wachimbaji wanaoingia mashimoni wanaongea Kiswahili hikihiki.

Maji ya Kihansi hayaishii Kihansi. Yanaingia Kilombero, yanaenda Rufiji, yanakutana na yale ya Ruaha, na sasa yote yanapita bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Kwa hiyo historia hii inaendelea, na sisi ndio tutakaoifundisha.

Nikienda mazoezi ya kufundisha, mada ya nishati nitaandika ubaoni megawati kama kawaida, maana mtihani unazitaka. Pembeni nitachora safu ya pili: aliyelipa. Nilimwonyesha mwenzangu andalio la somo. Akasoma, akachukua peni, kwenye safu ile chini ya chura akaandika jina la kijiji chao.

Ni hayo tu wadau. Tuonane wiki ijayo Mungu akipenda.