Wainwright wa Urambo: Jina la Mwisho si Ushahidi wa Asili

Katika makongamano ya historia ya Tanzania ya kati, dai moja limerudiwa hadi limegeuka kanuni: kwamba jina la mwisho la mtu, likichambuliwa vizuri, huonyesha ukoo wake ulikotoka na njia uliyopita. Sasa dai hilo limeingia kwenye madodoso. Mtafiti anafika Ipagala, Dodoma, anaandika jina la mhojiwa, analilinganisha na majina ya Wahehe, Wanyamwezi au Wakaguru, kisha anachora mshale kwenye ramani. Ipagala inavutia kwa kazi ya namna hiyo. Ni ardhi ya Wagogo iliyofikiwa na mpango wa makao makuu uliopitishwa na TANU mwaka 1973, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 imepokea wapangaji na wajenzi kutoka kila mkoa. Anayetaka kujua nani alikuja lini, na kutoka wapi, hutamani kipimo cha haraka. Ninalipinga dai hilo, na ninalipinga lote.

Kilichonisukuma kuandika ni jambo dogo katika mahojiano yangu mwenyewe. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, wakazi wa Ipagala, wana majina ya mwisho tofauti. Mkubwa alipelekwa shule na babu yake; mwalimu alipouliza mtoto ni wa nani, mzee akajitaja mwenyewe. Mdogo alipelekwa na baba, akaandikwa kwa jina la baba. Babu naye alikuwa amepewa jina la Mhehe mmoja, rafiki wa wazazi wake, aliyewahifadhi wakati wa njaa. Kwa hiyo leo, kwa kanuni ya mshale, kaka ametoka Uhehe na mdogo wake ni Mgogo wa hapa hapa. Ukiwauliza mbeyu yao, yaani ukoo kwa Kigogo, wote wawili wanataja moja bila kusita.

Kanuni ya mshale haikuzaliwa Ugogo. Imetoka kwenye elimu ya majina ya Uingereza, na huko ina misingi yake. Baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066, majina ya kurithi yalianza kwa wenye ardhi, yakashuka polepole kwa watu wa kawaida, na kufikia mwisho wa karne ya 14 sehemu kubwa ya Waingereza walikuwa nayo. Orodha za kodi ya kichwa za 1377, 1379 na 1381, kisha rejista za parokia zilizoamriwa mwaka 1538, zikayaimarisha. Kuhusu hilo wataalamu hawagombani, kuanzia kamusi ya P. H. Reaney ya 1958 hadi kamusi kubwa ya Oxford ya 2016.

Ugomvi uko kwenye kile ambacho jina linathibitisha. Mwaka 2000 Bryan Sykes na Catherine Irven walipima kromosomu Y za wanaume 48 wenye jina la Sykes. Asilimia 44 hivi walikuwa na alama zinazofanana, na watafiti hao wakaona hapo dalili ya babu mmoja mwanzilishi. Matokeo hayo yalishangiliwa kupita kiasi. Walioshangilia hawakujishughulisha na zaidi ya nusu ya akina Sykes ambao hawakuwa na alama ile, ingawa wao pia walilibeba jina hilo kwa haki zote. Turi King na Mark Jobling, katika utafiti wao wa 2009 uliohusu majina 40, walionyesha kwamba uhusiano wa jina na damu ya kiumeni huwa mkubwa kwa majina adimu na hupotea kwa jina lililoenea kama Smith. Ikiwa jina linayumba hivyo katika nchi yenye rejista za karne nne na zaidi, sioni kwa nini tulipe mamlaka makubwa zaidi katika nchi ambako rejista ya kwanza ya kijiji ilikuwa daftari la kodi la mkoloni au kitabu cha ubatizo.

Ushahidi ninaoutegemea kuliko wote ni wa mtu mmoja, Jacob Wainwright. Wainwright ni jina la Kiingereza la kazi: fundi wa kuunda magari ya kukokotwa na wanyama. Kamusi yoyote ya majina itakupeleka kwenye vijiji vya Uingereza, hasa vya kaskazini na Midlands. Lakini Jacob alikuwa Myao. Alitekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akapelekwa India na kulelewa katika kituo cha Church Missionary Society huko Nasik, si mbali na Bombay. Kutoka huko alirudi Afrika akijua kusoma na kuandika, na akiwa na jina hilo. Mwaka 1872 aliingia katika msafara wa watu ambao mwanahabari Stanley aliwatuma kutoka pwani kwenda Unyanyembe kwa mmisionari na msafiri Livingstone. Tarehe 1 Mei 1873 Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Moyo wake ulipozikwa chini ya mti, Jacob ndiye aliyesoma sala ya maziko, na ndiye aliyechonga maandishi kwenye shina.

Maandishi hayo yanastahili kutazamwa kwa karibu. Kipande cha mti ule kinahifadhiwa na Royal Geographical Society, London. Lipo jina la Livingstone, ipo tarehe 4 Mei 1873, kisha yanafuata majina matatu: Yazuza, Mniasere, Vchopere. Hao walikuwa wakuu katika msafara. Wa pili, katika vitabu vya Wazungu, ni Manua Sera au Manwa Sera. Wa tatu ni Chowpere. Wenye majina walikuwa bado hai na tahajia zimeshaanza kupishana, kila mwandishi akiandika alivyosikia. Tena jina la huyo wa pili lilikuwa pia la mtemi wa Unyanyembe, Mnywa Sele, aliyeuawa mwaka 1865. Mtafiti wa mshale angemwingiza mkuu huyo wa msafara katika nasaba ya watemi kwa kufanana kwa jina tu. Jacob mwenyewe, ambaye jina lake ndilo lingesomwa kwa urahisi kuliko yote na Mwingereza yeyote ambaye angepita hapo, hakuchonga lake.

Msafara ulioibeba maiti ya Livingstone hadi Bagamoyo, ukafika Februari 1874, ulikuwa na karibu kila namna ya kupata jina iliyokuwapo katika Afrika Mashariki ya wakati ule. Abdullah Susi, mzaliwa wa Shupanga kwenye mto Zambezi, alikuwa na jina la Kiislamu. Mwaka 1886 akabatizwa David. Chuma alikuwa Myao kama Jacob, na ubatizo ulimpa jina la James. Matthew Wellington, mwanafunzi mwingine wa Nasik, aliyefariki Mombasa mwaka 1935, alizaliwa Myao akaitwa Chengwimbe. Wayao watatu hawa, Chuma, Wellington na Wainwright, walitembea njia moja wakibeba mzigo mmoja, na hakuna orodha ya majina ya mwisho ambayo ingewaweka kwenye ukurasa mmoja. Halima, mpishi wa Livingstone, na Ntaoéka, mke wa Chuma, wameingia katika kumbukumbu kwa jina moja moja tu. Hili nalo ni kosa la kanuni ya mshale: inawafuata wanaume peke yao, kana kwamba wanawake hawakuhama.

Jacob aliisindikiza maiti hadi Uingereza na alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza katika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Shajara yake ilichapishwa kwa Kijerumani mwaka huohuo. Matini yake ya Kiingereza ilihaririwa na Roy Bridges na kutolewa na Hakluyt Society mwaka 2007. Alirudi Afrika, akafanya kazi na wamisionari, akafariki Urambo mwaka 1892. Jina la mafundi wa magari wa Uingereza limefikia mwisho wake kwa Jacob kwenye nyanda za juu za kati za Tanzania, na halikuletwa na Mwingereza aliyehama. Lililetwa na mfumo: utumwa, ukombozi, shule, ubatizo, na msafara. Hiyo ndiyo historia ambayo jina lake linaweza kutupa, na ni historia ya thamani kubwa. Asili yake haimo humo.

Nimekwishajibiwa kwamba Wainwright ni kisa cha pekee. Sikubali. Kilicho cha pekee ni umaarufu wa maiti aliyoisindikiza. Utaratibu uliomtengenezea jina, yaani mtu mwenye kalamu kuamua nini kiandikwe baada ya jina la kwanza, ndio uliowatengenezea Wagogo majina yao ya mwisho. Mathias Mnyampala, katika kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichotoka mwaka 1954, alikusanya masimulizi ya koo nyingi zinazosema zilitoka nje ya Ugogo: kwa Wahehe, kwa Wanyamwezi, kwa Wakaguru na kwingineko. Hakuyapata kwenye majina ya mwisho. Aliyapata kwa wazee waliosimulia mbeyu zao. Peter Rigby, miaka 15 baadaye, alieleza kwamba mbeyu hutambulika kwa jina lake, kwa muzilo wake, yaani mwiko wa ukoo, na kwa masimulizi ya safari yake. Alionyesha pia kwamba watu wa mbeyu moja walikuwa wametawanyika nchi nzima, kwa sababu ukame na malisho ya ng'ombe viliwafanya Wagogo wahamehame. Kitongoji kimoja kilikuwa na koo nyingi hata kabla mpimaji wa viwanja hajafika.

Kisha kuna Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Gregory Maddox ameonyesha jinsi majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalivyochukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, na ukame ukaja kumalizia. Familia zilitawanyika kutafuta chakula, na wapo waliolelewa na kaya zisizo zao. Mtoto aliyekua hivyo na baadaye akaandikishwa kwa jina la mlezi amewaachia wajukuu wake jina linalosimulia huruma ya jirani. Mwenye kulisoma kama hati ya damu anaifuta Mtunya katika historia ya watu hao bila kujua.

Upo mfano ambao unaonekana kunipinga, nao ni wa familia za wasomi na viongozi. Jina la Malecela limepita kutoka kwa John Samwel Malecela, Waziri Mkuu wa 1990 hadi 1994, hadi kwa bintiye, Dkt. Mwele Malecela, mtafiti wa tiba aliyefariki mwaka 2022. Katika familia kama hizo jina limetulia, na huenda likazidi kutulia sasa ambapo kitambulisho cha Taifa na hati ya kiwanja vinadai majina yaleyale matatu maisha yote. Lakini utulivu huo umeletwa na shule na ofisi. Unaweza kusaidia kuzifuatilia familia chache kwa vizazi vichache vya karne ya 20. Hauwezi kuturudisha nyuma hadi wakati mbeyu zilipoingia Ugogo.

Kwa hiyo nawaomba wahariri wa majarida yetu wakatae makala yoyote ya uhamiaji inayotumia jina la mwisho kama ushahidi unaojitegemea, na wasimamizi wa tasnifu wafanye vivyo hivyo. Dodoso la Ipagala lianze na mbeyu ya baba na mbeyu ya mama, liulize muzilo, liulize ni nani aliyemwandikisha mhojiwa na katika daftari gani, kisha ndipo liandike jina la mwisho. Wazee wanaoweza kuyajibu maswali hayo bado wapo Ipagala, na kazi hiyo inaweza kuanza mwaka huu.