Kipande cha Mkonge: Kitisho, Ujira na Akili ya Mfanyakazi Tanga

Mkonge uliingia Tanganyika mwaka 1893, Dkt. Richard Hindorf alipopanda Kikogwe, karibu na Pangani, miche 62 iliyosalimika kati ya 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida. Mmea ulikubali ardhi, lakini mikono haikupatikana. Wabondei, Wasambaa, Wazigua na Wadigo walikuwa na mashamba yao ya mahindi na mihogo, na hawakuona sababu ya kuyaacha ili wakamlimie mgeni.

Wajerumani walianza na kitisho. Amri ya mwaka 1896 iliruhusu hadi viboko 25 kwa mara moja, adhabu iliyobaki katika kumbukumbu za watu kwa jina la hamsa ishirini. Mwaka 1897 ikafuata kodi ya nyumba. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, kila mwanamume alipewa kadi iliyomtaka amfanyie mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne. Asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za serikali.

Kitisho kiliufikisha mwili shambani, lakini anayeogopa kiboko huuangalia mkono unaokishika kuliko jani lililo mbele yake. Mwaka 1908, huko Marekani, wanasaikolojia Robert Yerkes na John Dodson waliwafundisha panya kutofautisha visanduku viwili kwa kuwapiga shoti za umeme. Tofauti ilipokuwa dhahiri, shoti kali iliharakisha kujifunza. Ilipokuwa ndogo, shoti kali iliwachelewesha. Hofu kubwa hufaa kazi isiyohitaji kupambanua kwa makini.

Na kukata mkonge kunahitaji kupambanua. Mkataji huchagua majani ya chini yaliyokomaa na kuacha machanga ya juu, kwani mmea uliokatwa kupita kiasi hudhoofika. Huondoa mwiba wa ncha unaoweza kumtoboa jicho, hufunga majani 30 kwa kila tita, kisha huyabeba matita hadi kwenye reli ya toroli ili yawahi korona, mashine ya kutoa nyuzi, kabla hayajakauka.

Chini ya Waingereza, waliowafuata Wajerumani, chombo kikuu cha kuivuta akili ya mkataji kikawa kipande, kadi yenye vyumba 30. Kila siku mfanyakazi alipewa ngwe, yaani kiasi maalumu cha kazi. Akiimaliza, karani alitia alama katika chumba kimoja. Ikibaki, siku nzima ilipotea hata kama jasho lilikwisha kumwagika. Mshahara ulilipwa vyumba vyote 30 vilipojaa. Hivyo ujira na kitisho vilikaa pamoja katika kadi moja, na macho ya mkataji yakahamia kwenye hesabu. Matita yalihesabiwa, afya ya mmea haikuhesabiwa. Ndiyo maana kila shamba lilihitaji wanyapara wa kukagua kilichokatwa.

Kwa wenyeji kipande kilikuwa na nafuu: siku 30 hazikulazimika kufuatana, kwa hiyo mtu aliweza kukatiza akapalilie shamba lake mvua ziliponyesha. Wenye mashamba waliotaka mikono ya kudumu waliitafuta mbali. Chama chao kiliunda SILABU mwaka 1944, ofisi iliyoleta watu kwa mkataba kutoka Songea, Njombe, Kigoma na kwingineko. Hao ndio manamba, walioitwa hivyo kwa namba walizopewa. Walikuwa mbali na kwao na hawakuwa na shamba la kukimbilia, hivyo siku zao zilipimwa kwa posho na kadi. Miaka ya mwisho ya 1950 migomo ya kudai ujira bora ilienea mashambani, na baada ya uhuru kipande kikatoweka.

Mkonge wenyewe uliporomoka nyuzi za viwandani zilipoteka soko. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Katani Limited ilianza kuwakaribisha wakulima wadogo walime mkonge wao katika mashamba ya zamani. Mmea huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, kisha huvunwa kwa miaka mingi. Mkulima wa namna hii analiacha jani changa bila nyapara, kwa sababu mwakani atakayelikata ni yeye mwenyewe.