Kitenzi ‘enda’ na mteremko wa Salgaa

Ukifika Salgaa jioni, pale malori ya masafa marefu yanapopaki kando ya barabara kuu ya Nakuru–Eldoret, utasikia kitenzi kimoja katika ndimi kadhaa. Dereva wa Mombasa atamwambia utingo wake “twende”. Mganda atasema “tugende”. Kwa Mnyarwanda ni “kugenda”. Mkikuyu wa Nakuru hutumia kitenzi kingine, “thii”, lakini muulize safari aiitaje: “rugendo”. Mganda naye ana “olugendo”.

Hiyo si sadfa. Wataalamu waliolinganisha lugha za Kibantu, tangu enzi za Wilhelm Bleek na Carl Meinhof katika karne ya 19, wametuonyesha kuwa maneno haya yana mzizi mmoja wa kale, -gend-. Kwa hiyo si jirani zetu walioongeza ‘g’. Ni sisi tulioidondosha.

(Kuna walimu wanaokata “anaenda” kwa wino mwekundu, wakitaka “anakwenda” tu. Mimi sioni kosa. ‘Enda’ ina silabi mbili, si kama ‘la’ au ‘fa’, hivyo yaweza kusimama bila ‘ku’.)

Tukija kwa ‘endesha’, mambo hubadilika. Kiambishi -esh- huleta mtu wa pili: anayefanya kitu kiende. Dereva tulimkopa kwa Waingereza, lakini kazi yake tukaiita kwa neno letu wenyewe.

Sasa tazama mteremko wa kutoka Sachangwan hadi Salgaa. Wapo madereva wanaoondoa gia hapo ili kuokoa mafuta, lori lishuke lenyewe. Injini haishikilii tena uzito. Breki zinaubeba wote, zinapata moto, zinakataa kushika. Kisarufi, lori hilo linaenda, ila haliendeshwi.

Barabara hii imetuzikia wengi. Desemba 31, 2017, watu 36 walifariki Migaa, hapo karibu, basi na lori vilipogongana. Sisemi kila ajali ya hapo ni ya gia. Nasema tu kwamba sisi waandishi tunapenda mno sentensi “lori lilipoteza mwelekeo”. Mtenda ni lori. Dereva hayumo, mwenye lori hayumo, wala aliyepaswa kukagua breki hayumo.

Basi wenzangu wa chumba cha habari, uchunguzi ukishaonyesha gia iliondolewa, andikeni “dereva aliondoa gia”. Ni maneno matatu tu, na nafasi ipo.